Mahali pa Tairi la Tano

Jumapili, Aprili 13, 1997

Daftari hili nimelinunua kwa jambo moja tu. Mwaka huu binti yangu Twyla atamaliza kulitengeneza gari la baba yake, na Septemba mimi nitaketi kando yake kwenye Safari ya Maili Mia Tatu ya klabu ya magari. Nitaandika kila kitu kadiri kinavyotokea, asije mtu akasema nilipamba.

Twyla ana miaka ishirini na tisa. Anachomelea vyuma kwenye karakana ya pampu za mashamba. Darasani walikuwa wanaume ishirini na wawili na yeye, na aliyeshika nafasi ya kwanza ni nani? Haya, sisemi zaidi. Watu wa mji wetu wa Orlin wamechoka kunisikia.

Gari ni Fodi ya mwaka thelathini na mbili, viti viwili tu. Marehemu mume wangu Garland alilipunguza paa kimo, akang'oa madigadi, akalishusha mpaka tumbo likakaribia chini, akatia injini ambayo haikuzaliwa humo. Hotrodi ya kuendeshwa, si mdoli wa maonyesho. Miaka kumi na moja limelala bandani chini ya turubai. Leo Twyla ameliwasha. Likakohoa, likapiga chafya, likanguruma hadi kuku wa jirani wakaruka uzio. Nililia kidogo. Kisha nikasema mbele ya injini ileile:

"Gari hili halitoki uani kwangu bila tairi la akiba."

"Litakaa wapi, Mama?"

"Wewe ndiye fundi."

Hakubisha, maana anajua. Novemba ya mwaka themanini na sita Garland alipasukiwa na tairi kwenye barabara kuu, katika ule ukungu wa bonde letu ambao ukinyoosha mkono huuoni. Hakuwa na tairi la tano. Akashuka, akatembea pembeni mwa barabara kutafuta simu. Dereva wa lori hakumwona. Gari lenyewe halikupata hata mkwaruzo.

Alhamisi, Aprili 17

Nimenunua gauni la safari. Rangi ya maziwa, vifungo vya lulu, mfuko pembeni. Lulu si za kweli lakini ukisimama mbali hujui. Nilikwenda nalo kiwandani kumwonyesha Socorro Baeza. Huyu ndiye shoga yangu. Mwaka wa tisa huu tunasimama bega kwa bega kuchagua mapichi.

"Unaolewa?" akaniuliza.

"Naendeshwa na mwanangu maili mia tatu. Milima na jangwa, na kurudi."

"Na gauni jeupe, kwenye gari lisilo na madirisha."

Wivu. Nampenda hivyohivyo.

Jumamosi, Aprili 26

Jaribio la kwanza: buti. Lakini Twyla alikuwa amekwisha kuhamishia tangi la mafuta humo, na betri pia, ili mbele kuwe na nafasi. Tairi limeingia nusu. Kifuniko kimebaki wazi vidole vinne, kama mdomo wa mzee aliyesinzia kanisani. Nikaegemeza kiuno changu juu yake kusaidia. Nina kiuno cha kutosha, na bado.

Jumapili, Mei 4

Leo amekuja Duane Stubblefield, mwenyekiti wa klabu ya magari. Alikuwa rafiki wa Garland, kwa hiyo ananiita shemeji, nami namwita kwa jina lake zima ili ajue.

Mtu huyu huweka tumbaku kati ya mdomo na fizi, kisha hutema kwenye kikombe cha karatasi. Huenda nacho kila mahali, maji ya kahawia yakicheza ndani. Leo alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha langu la jikoni, sentimita chache kutoka kwenye keki niliyoitoa kupoa. Nimeitupa keki kwa kuku, nao walifikiri kwanza kabla ya kuila.

Akalizunguka gari la Twyla polepole kama mnunuzi wa ng'ombe. "Kazi nzuri, binti. Baba yako angejivuna. Sasa hili tairi lililolala hapa ni la nini?"

"La akiba, Ba'mdogo. Mama anataka."

"Shemeji," akanigeukia, "tairi la tano kwenye gari kama hili ni chunusi kwenye pua ya bibi harusi." Akatoa simu yake ya mkononi, kubwa kama kiatu. "Siku hizi ukikwama unapiga hii tu."

"Na wewe kasha lako lile la nyuma ni la nini?" nikamwuliza. Maana gari lake jekundu ni la mwaka uleule, na mkiani limebeba kasha la duara la kromu linalong'aa mpaka linaumiza macho.

"Mimi langu limo mle," akasema, akaligonga kwa kidole cha pete. "Lakini gari langu lilichorwa hivyo tangu mwanzo. Hili la Garland ukilining'inizia kitu umeliua."

Umeliua. Anayatamka maneno hayo uani kwangu, yeye ambaye alimjaza Garland maneno ya umbo na mstari mpaka tairi likatoka garini. Hivyo nimekuwa nikisema miaka yote, na Orlin nzima inajua nasema hivyo.

Jumanne, Mei 20

Mapichi ya mapema yameanza kuingia. Mikono inawasha.

Jumamosi, Mei 31

Chini ya sakafu. Twyla alitengeneza fremu ya vyuma kati ya ekseli na injini, safi mno, nilitamani kuipeleka kiwandani wakaione. Tukaingia barabarani, tukafika kwenye njia ya reli, tukasikia sauti kama mtu anang'olewa jino. Tulipogeuka tuliona tairi limekaa katikati ya reli, limetulia, linatutazama.

Gari limeshushwa mno. Ndiyo ufahari wake na ndiyo laana yake.

Jumapili, Juni 8

Juu ya paa. Limekaa kama kofia ya mlevi. Watoto wa mtaa wa pili walitufuata kwa baiskeli. Twyla alilishusha palepale.

Jumapili, Juni 22

Nikamwambia: basi tufanye kama Stubblefield, tulitundike mkiani. Twyla akachukua kipimo, akachora chaki kwenye bati la nyuma, akashika drili. Akasimama hapo muda mrefu. Kisha akaiweka drili chini.

"Sitatoboa bati la Baba."

"Ni matundu manne tu, mwanangu."

"Njoo uone." Akaushika mkono wangu, akaupitisha kwa ndani ya bati. Nilihisi mshono wa kuchomelea, vinundu vidogovidogo vilivyopangana kama punje za muhindi. "Ameunga hapa kwa mkono, hana hata mashine nzuri. Nikitundika uzito hapa, barabara mbovu ya jangwani itaufungua mshono huu wote."

Sikumsukuma tena.

Ijumaa, Julai 4

Sikukuu ya Uhuru na gwaride. Twyla aliendesha gari barabara kuu ya mji, mwendo wa kobe. Watu walipiga miluzi. Nilikataa kupanda kwa kuwa tairi halikuwamo. Niliketi pembeni kwenye kiti cha kukunja, nikimwambia kila aliyepita kwamba yule ni wangu.

"Unaogopa kupasukiwa mbele ya benki?" Socorro akanicheka.

"Neno ni neno."

Stubblefield naye alipita, kasha lake likimulika jua kwenye macho ya watoto, kikombe kimekaa kwenye dashibodi. Aliwapungia watu mkono kama askofu. Nilitazama upande mwingine. Nimegundua kwamba nikimwona mtu huyu mate hunijaa mdomoni, kama aliyeuma ndimu iliyooza.

Jumamosi, Julai 12

Nyuma ya kiti. Hapo ndipo pa mwisho, na hapo liliingia. Lakini ikabidi kiti kisogezwe mbele, na Twyla amemzidi baba yake kimo kwa kiganja kizima. Magoti yalikwama kwenye usukani. Akajaribu kukata kona kuingia bandani, usukani ukagota kwenye goti, gari likaenda moja kwa moja mpaka kwenye masanduku ya mapichi.

"Gari hili liliundwa kwa watu wawili, Mama," akasema, akijisugua goti. "Hakuna aliyemfikiria wa tatu."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili, penye tundu la dirisha. Harufu ya mpira uliopata joto ilinijia usoni. Nikarudi ndani nikanawa. Nilinawa mara mbili. Harufu hiyo siiwezi, na sababu siiandiki.

Alhamisi, Julai 17

Joto la kuyeyusha lami.

Jumatano, Julai 23

Joto. Mashine ya kupoza hewa kiwandani imekufa. Mapichi yanaoza mikononi mwetu. Ukiligusa moja kidole kinazama mpaka kwenye kokwa, na ndani kuna wadudu wanaokutazama kama wewe ndiye mgeni. Socorro ametapika kwenye ndoo. Msimamizi akasema tuchague haraka zaidi.

Ijumaa, Agosti 1

Joto. Twyla hasemi juu ya tairi, mimi sisemi juu ya kitu kingine. Jumamosi ya wiki ijayo klabu yote inakuja uani kwetu kwa ukaguzi wa magari. Nitaoka keki tatu.

Jumapili, Agosti 10

Sikulala, kwa hiyo naandika asubuhi hii kabla ya ibada, na ibadani sidhani kama nitakwenda.

Jana yalikuja magari kumi na manne. Walijaa uani, wanaume na wake zao, na Stubblefield na ubao wake wa karatasi akikagua breki, taa, mikanda. Kwenye klabu hii hakuna kubeba gari juu ya trela. Unakwenda kwa magurudumu yako na kurudi kwa magurudumu yako. Ukirudi umeburutwa, kibao cha jina lako kinatundikwa juu chini kwenye ukuta wa klabu mwaka mzima. Kwa hiyo ukaguzi ni jambo zito. Alipofika kwenye gari la Twyla akaandika, akaandika, kisha akasema, "Limepita."

"Halijapita," nikasema. "Halina tairi la akiba."

"Sheria haidai, shemeji."

"Mimi nadai."

Baadhi wakacheka. Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na kisu cha keki mkononi na watu wananitazama, na mimi watu wakinitazama huwa siachi kusema. Nikasema, "Mwambie mwanangu, Duane Stubblefield, mbele ya hawa wote, nani alimshawishi baba yake atoe tairi. Mwambie ni mdomo wa nani."

Akatema kwenye kikombe. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, pole pole. Sikumtarajia kuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

"Shemeji," akasema, "miaka kumi na moja nimekubebea mzigo huu. Nilijua una msiba, nikasema acha aseme. Lakini usiniambie hayo mbele ya binti." Akamgeukia Twyla. "Tairi la baba yako lilikuwa nyuma ya kiti, na yeye alienea vizuri. Mimi nilimcheka kwa mambo mengi, lakini hilo sikulitoa. Muulize mama yako lilitokaje."

Twyla akanitazama. Ana macho ya Garland, yale ya kungoja.

Nami nikasema, "Nani anataka keki?"

Nimeandika mengi ya kinyaa kwenye daftari hili. Kikombe cha Stubblefield, mapichi yenye wadudu. Hakuna kilichonichefua kama sauti yangu ilipouliza nani anataka keki.

Basi niandike. Ilikuwa Septemba, mwaka themanini na sita, mkutano mkuu wa makanisa. Nilikuwa na gauni la buluu nililolishona mwenyewe, wiki tatu, kola ya kufuma. Tairi lilikuwa nyuma ya kiti, jua kali, mpira ukanuka kama kitu kilichokufa, na kola yangu iliuegemea njia nzima. Tulipofika mke wa mchungaji aliniita pembeni, akatoa leso yake, akaanza kunifuta shingo mbele za watu, hivi, kama anamfuta mtoto pua. Nilikuwa na alama nyeusi kutoka bega hadi bega. Wanawake wa Orlin waliona wote.

Nyumbani nikamwambia Garland, "Chagua. Mimi au hilo tairi linalonuka."

Akacheka. Akasema, "Tairi halipiki." Akalivuta, akaliviringisha mpaka bandani, akiimba.

Miezi miwili baadaye ukungu ukaja.

Nilimtwika Stubblefield lawama kwa sababu anatema mate kwenye kikombe, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumchukia. Hivyo tu. Sina sababu nyingine.

Jumatatu, Agosti 11

Twyla amekula kimya.

Jumanne, Agosti 12

Kimya.

Jumatano, Agosti 13

Socorro aliniuliza nina nini. Nikamwambia ni mapichi. "Mapichi yamekuwa mapichi miaka tisa," akasema, "na hujawahi kunyamaza." Akaniachia upande wenye kivuli.

Ijumaa, Agosti 15

Kimya. Nasikia mashine ya kuchomelea ikikoroma bandani. Siendi kule.

Jumapili, Agosti 17

Nimekwenda. Alikuwa amevaa barakoa ya chuma, cheche zinaruka. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, gauni la buluu, leso, chagua mimi au tairi. Niliyasema huku mashine inaunguruma, nadhani nilitaka asisikie vizuri. Akazima. Akafunua barakoa.

"Rudia."

Nikarudia. Kimya kimya safari hii.

Aliketi juu ya sanduku. Kisha akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya masanduku ya mapichi, ambapo gurudumu limetundikwa msumarini, buibui wamelijengea nyumba. "Ni lile?"

"Ndilo."

"Miaka yote lilikuwa hapa. Nilikuwa natundika koti langu juu yake."

Akalishusha. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino, lakini chuma kilikuwa kizima. Akaupangua ule mpira mbovu, akasafisha kutu kwa brashi, nami nikimshikia taa ingawa ilikuwa mchana. Akavisha mpira mpya, si mkubwa kama wa nyuma wala mdogo kama wa mbele, wa katikati, ili likipasuka lolote liweze kukalia nafasi yake mpaka mji wa karibu. Akalijaribu kwenye gari mbele, likaingia nati zote tano. Nyuma, zote tano.

"Sina pa kuliweka, Mama. Nimejaribu kila mahali. Unajua nimejaribu."

"Hujajaribu kila mahali," nikasema.

Nikafungua mlango wa upande wangu. Nikalisimamisha tairi kwenye kiti, likaegemea vizuri, likakaa kama shangazi mnene aliyepewa lifti. Mkanda ukapita katikati ya tundu, ukafunga: tak.

Twyla alitazama tairi, akanitazama mimi. "Na wewe?"

"Mimi nitabaki. Kuna mtu lazima awapikie."

"Mama. Umewaambia Orlin nzima."

"Nitawaambia vingine."

Akaja akaniegemeza kichwa begani, na ni mrefu, ilibidi ainame sana. Ananuka chuma na jasho.

Jumatatu, Agosti 18

"Umepinduliwa na tairi," Socorro akasema. Nimecheka mpaka msimamizi akaja.

Jumatatu, Septemba 1

Mapichi ya mwisho. Matamu, magumu, hayana mdudu. Yamechelewa, kama mambo mema yote.

Jumamosi, Septemba 20

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi kutoka bustani ya mji, magari kumi na manne. Nililifunga tairi mkanda mimi mwenyewe. Nilimwekea Twyla mkate wenye nyama ya kuku na mapichi sita. Stubblefield akapita na kikombe chake, akalitazama lile tairi limeketi kwenye kiti changu. Nilimngoja atoe neno la chunusi. Aligusa ukingo wa kofia tu, akaenda.

Njia yao huvuka milima, hushuka jangwani, huzunguka na kurudi, na maili kumi na mbili kabla ya mwisho hupita mbele ya nyumba yangu. Kwa hiyo nilivaa gauni langu la maziwa, nikaketi barabarani na Socorro, viti viwili na mwavuli. Nilisema nitavaa na nikavaa.

Saa saba mchana simu ikalia ndani. Nilikimbia hadi kiatu kikatoka.

"Mama, mimi mzima. Usikasirike." Nyuma yake nilisikia pampu ya mafuta na upepo. "Tairi halipo."

"Limepasuka?"

"Nimemwazima Ba'mdogo Duane."

Nikaketi chini, palepale sakafuni. Akanieleza. Katikati ya jangwa alilikuta gari jekundu limeegama, tairi la nyuma limechanika vipande. Kasha la kromu lilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na barafu na makopo ya bia. Na vikombe vya karatasi.

"Hakuna tairi?"

"Hajawahi kuweka tairi, Mama. Tangu alinunue."

Miaka yote hiyo amegonga kasha lile kwa kidole cha pete na kusema langu limo mle. Amekagua magari ya watu na ubao wake. Nilihisi kile kichefuchefu kinapanda, cha zamani, nikakikaribisha kama mgeni ninayemjua.

"Ungemwacha apikwe na jua," nikasema. "Ana simu yake."

"Simu haishiki kule." "Mama, hakuwa kwenye gari. Nilimkuta mbele. Alikuwa anatembea pembeni mwa barabara, na malori yanapita."

Nilishika waya wa simu.

"Sikuweza kumpita," Twyla akasema.

"Hapana," nikasema. "Usingeweza."

Magari yalianza kupita mbele yetu saa tisa na nusu. Moja, matatu, saba. Socorro aliyahesabu kwa kokwa za mapichi. Saa kumi yalikuwa kumi na mawili na kisha barabara ikawa tupu. Saa kumi na nusu, tupu. Muda wa kupata ngao ya waliomaliza kwa wakati ulikwisha hapo. Mimi nilikuwa nimeshasafisha mahali pake ukutani, juu ya televisheni. Socorro alinipa pichi.

Kumi na moja kasorobo nikasikia ule mngurumo. Ningeujua katika magari elfu. Twyla akasimama mbele ya viti vyetu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake gari jekundu lina tairi jipya walilonunua njiani, lisilofanana na wenzake. Na kwenye kiti changu, amefungwa mkanda, shangazi mnene amerudi, mweusi, ana tope na grisi.

Stubblefield akashuka. Hana kikombe. Amevua kofia.

"Shemeji."

"Duane."

"Kuhusu lile kasha."

"Nimesikia."

"Aliyenifungia nati ni yeye, mimi ziliniponyoka zote." Alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nikitembea kule nikamkumbuka Garland. Sikuwa nimewahi kumkumbuka vile."

Mwezi mzima nilikuwa nimemwandalia maneno, na jangwa limeniongezea mengine bora zaidi. Niliyatafuta yote. Nikasema, "Mwezi Agosti ulisema kweli uani kwangu, nami nikawapa watu keki. Sasa hatudaiani. Bado unanitia kinyaa."

"Najua, shemeji," akasema.

Twyla alikuwa ameshafungua mlango. "Zimebaki maili kumi na mbili, Mama. Ingia."

"Na tairi?"

"Leta nilibebe mimi," Stubblefield akasema. "Kasha ni tupu."

Lilikuwa wazo zuri, na mtu mwenye akili angelikubali. "Tairi la gari hukaa kwenye gari lake," nikasema. "Twyla, fungua huo mkanda."

"Gauni, shoga," Socorro akasema.

"Naliona."

Nikaketi. Twyla akaliinua, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, akaniwekea mapajani. Uzito wake ni wa mtoto wa darasa la tatu. Lilikuwa na joto la jangwa bado, na harufu ileile, kitu kilichokufa, ikanipanda puani na nyuma ya macho. Nililikumbatia kwa mikono miwili maana hakuna namna nyingine ya kulishika. Kidevu changu kilikaa juu yake.

"Magoti yako je?" Twyla akauliza.

"Endesha."

Sikuona milima wala jangwa. Niliona maili kumi na mbili za mashamba ya mapichi ninayoyajua mti kwa mti, nayo yalikimbia pande zote mbili, na upepo ukaninyang'anya pini za nywele, na mwanangu akibadilisha gia mkono wake unagonga lile tairi kila mara, na kila mara anasema samahani, sijui kwa tairi au kwangu.

Tulifika wa mwisho. Wa kumi na nne kati ya magari kumi na manne, maana Stubblefield alipunguza mwendo ili yeye awe wa mwisho, lakini Twyla alimwashia taa apite, akatupita pole pole pale langoni mwa bustani. Hakutaka, na mwanangu ana kichwa kigumu kama mama yake. Watu wote walikuwa wamekwisha kula. Waliinuka. Twyla akaja upande wangu, akalichukua tairi, nami nikasimama mbele ya Orlin nzima, mweusi kutoka kidevuni mpaka magotini, duara kamili, unaweza kuhesabu meno ya tairi.

Mke wa mchungaji akanijia haraka. Amezeeka sasa, lakini leso ni ileile. Akaikunjua.

"Acha," nikamwambia. "Ni doa la kwetu."

Jumapili, Septemba 21

Mwili wote unauma. Mapaja yana rangi ya zabibu.

Socorro amepita na sabuni ya unga ambayo dada yake huitumia kwa nguo za mafundi. Anasema inatoa hata grisi ya trekta. Nimemshukuru, nikampa keki, nikamrudishia sabuni yake. Gauni nimelitundika bandani, kwenye ule msumari uliokuwa wa gurudumu. Twyla ameniuliza koti lake alitundike wapi sasa. Nimemwambia yeye ndiye fundi.